Paa wazi kipupwe: shemeji wa Leicester ndo mkweli, fundi kakosea

Swali: "Asalaam alaykum mtaalamu. Nimeagiza Mazda Roadster ya 2001 kutoka Japani, imefika salama, nakaa Kiembesamaki. Nataka miezi hii ya kipupwe niwe naondoka asubuhi mapema na mke wangu, paa wazi, tukapunge upepo Nungwi au Paje. Fundi wangu kasema gari hizi paa hufunguliwa kaskazi, kipupwe lifungwe vyenginevyo tutaumwa kifua, na mama mkwe nae kashikilia hilo hilo la kifua. Lakini shemeji yangu yuko Leicester kanitumia video ya Januari, moshi unamtoka mdomoni kwa baridi na paa kalifungua anacheka. Nani mkweli? Na kama yeye anaweza, mie nifanyeje nifaidi na gari isiharibike?"

Waalaykum salaam kaka, na hongera kwa gari.

Mkweli shemeji. Fundi wako yawezekana hodari wa injini lakini hili la msimu kaligeuza kichwa chini miguu juu. Kwa visiwa vyetu gari ya paa la kufungua msimu wake ni huu huu wa kipupwe, Juni mpaka Agosti na Septemba yake kidogo, na ukinambia nichague mwezi wa kulifunga paa kutwa nzima ntakwambia Februari wala sisiti.

Tuanze na hio Februari maana ndo penye kosa la fundi. Kaskazi mchana joto linafika 32, 33, jua liko utosini, na gari hizi viti vyake vingi vyeusi, iache nje nusu saa pale Darajani paa wazi uone, ukirudi hukai, unasimama kwanza unatafuta kitu cha kutandika. Halafu watu hawafikirii kwamba gari ya kawaida lile bati la juu ndo kivuli chako. Ukiliondoa saa saba mchana umejianika mwenyewe, na upepo unaokupiga wenyewe wa moto, haukupozi vya kutosha, unakukausha tu. Utawaona vijana Februari wamefungua paa huku eesii imewashwa mpaka mwisho, wanaipoza barabara ya Malindi na Mungu awape subira. Ile ni kuonekana, na mtu ana haki yake ya kuonekana, lakini raha haimo. Kaskazi fungua usiku baada ya isha, hapo sawa.

Kipupwe sasa. Julai na Agosti kabla jua halijatoka huku Unguja inashuka kwenye 20, 21 hivi, mchana inapanda 28 au hapo hapo, hewa imepungua unyevu, kusi inavuma, na jua lenyewe limehamia upande wa kaskazini halikai utosini. Hio 21 kwa mtu wa Leicester ni siku ya kwenda kuoga baharini! Sie tunaiita baridi kwa sababu ya mazoea, na nakubali kwamba ukienda 70 paa wazi unaisikia kweli, shingoni hasa, lakini si unaisikia ndo umeifata hio hio? Ungetaka kutosikia kitu ungenunua Noah ukafunga vioo.

Shemeji anafanyaje basi. Januari kwao mchana wenyewe ni kama 7. Wenzetu wana hesabu ya baridi ya upepo, joto likiwa 7 na upepo wa kilomita 50 kwa saa ngozi iliyo wazi inahisi kama ni 1. Hesabu hio inamuhusu mtu wa vespa, yule anayepigwa kifuani moja kwa moja, ndo maana hata hapa kwetu utamuona mtu wa Fuoni anashuka mjini asubuhi ya Julai kavaa jaketi nyuma mbele. Mtu wa Roadster amekaa chini kabisa nyuma ya kioo, upepo mwingi unampita juu ya kichwa, na kutoka shingoni kwenda chini yuko kama kwenye beseni la maji moto, kichwa nje baridi mwili ndani joto. Joto lenyewe halimgharimu kitu maana injini inapasha maji yake mpaka 80 au 90 digrii, yale maji yanapita kwenye kirejeta kidogo ndani ya dashibodi, feni inapuliza, basi. Anaelekeza miguuni sio usoni, kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe, na viganja vinapata yake kwenye usukani. Vioo vya milango kavipandisha juu vyote viwili. Hapa ndo wengi wetu hatujui, mtu akifungua paa anaona lazima na vioo avishushe, kumbe vioo vikiwa juu hali inabadilika kabisa.

Mercedes mwaka 2004 walifika mbali zaidi, kwenye SLK mpya ya wakati ule walitia kitu wanakiita Airscarf, yaani kwenye kiti chini ya pale pa kuegemeza kichwa kuna tundu linapuliza hewa ya moto shingoni. Wajerumani walishajua baridi inaingilia wapi, na hilo tutalirudia sasa hivi kwa sababu ndo ufunguo wa suala lako.

Na usidhani shemeji ana wazimu peke yake. Uingereza pamoja na mvua zake zote ni moja ya nchi za Ulaya zinazonunua gari za wazi kwa wingi. Desemba jua lao linazama kabla hata ya saa kumi jioni, kwa hio ikitokea siku moja kavu, mbingu nyeupe, mtu anatoka nalo lile jua kabla halijamkimbia. Hio Roadster yako nayo, Mazda walipoitoa mwaka 1989 walikuwa wanaviangalia vigari vya Kiingereza vya zamani, Lotus Elan na MG na wenziwe, yaani wazo la gari yako limezaliwa nchi ya baridi na mvua. Sasa fundi anakwambia ukiipata baridi ifunge! Miiko wanayo na wao, paa lililoganda kwa barafu hawaligusi mpaka liyeyuke, na tairi za majira ya joto chini ya digrii 7 hukakamaa zikapoteza mshiko, lakini hayo ya kwao tuwaachie.

Turudi shingoni. Gari ikienda, upepo unapanda kioo cha mbele unaruka juu ya vichwa vyenu, na nyuma ya viti panabaki mahali hewa imepungua nguvu, sasa ule upepo ulioruka unageuka pale nyuma na kurudi mbele, unakupiga kisogoni. Kwa hio unaokusumbua ni ule wa nyuma, wa mbele kioo kinaumaliza. Mtu hajui hilo anajifunika kifua na jaketi mpaka kidevuni na shingo ya nyuma kaiacha wazi, halafu jioni anasema shingo imekaza, baridi mbaya. Tiba yake ni kizuizi cha upepo, kile kiwavu au kioo cha plastiki kinachosimama nyuma ya viti, na Roadster za toleo lako baadhi zilitoka nacho kiwandani kwa hio kaangalie kama chako kipo, kimelala au kimenyofolewa. Kama hakipo mtafute mtu mwenye mkono mzuri akutengenezee, mie napendelea wavu kuliko plastiki nzima kwa sababu wavu unaupunguza upepo na nyuma bado unaona vizuri kwenye kioo cha ndani, plastiki usiku inarudisha taa za daladala machoni na ikivunjika ina ncha. Kisizidi urefu wa vichwa vya viti. Ukishakiweka, pandisha vioo vya milango, nenda 60 au 70, uwashe redio, utaona mnazungumza na mkeo kwa sauti ya kawaida tu. Ukipita 80 kelele ya upepo inakuwa nyingi masikio yanavuma, na kwa matuta yetu haya na ng'ombe na mtoto wa skuli anayekatiza barabara, 80 ya nini?

Ukiwa mrefu kuna tatizo lengine, kichwa kinatokeza juu ya kioo cha mbele na hapo hakuna kizuizi kitakachokusaidia. Shusha kiti, kilaze mgongo kidogo, kama bado basi fundi wa viti anaweza kupunguza sponji ya makalio, kazi ndogo hio.

Hita sasa, na hapa fundi wako nitamuuliza swali. Gari nyingi zikishafika huku, hita ikivuja siku moja tu fundi anaikata, anaunganisha hosi mbili moja kwa moja, anakwambia hita ya nini huku kwetu. Mwengine anaenda mbele anatoa na themostati kabisa, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti injini isichemshe. Matokeo yake injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyotengenezwa, mafuta inakula zaidi, na maji hayapati moto wa kutosha hata hita ikirudishwa. Gari yako ndo kwanza imetoka Japani kwa hio yawezekana viko salama, mwambie fundi asiguse. Utaona nacheka hita Zanzibar, lakini jaribu siku moja Agosti, kumi na mbili asubuhi, mnapita chini ya miti pale Jozani bado pana umande, umefungua hita miguuni nusu tu na kichwa kiko kwenye ubaridi ule, halafu uniambie. Ndo hio hio anayochekea shemeji kwenye video.

La kifua. Mama mkwe muheshimu na usibishane nae, lakini homa ya mapafu inaletwa na vimelea, virusi na bakteria, upepo wenyewe haukutii ugonjwa. Mwenye pumu huyo tofauti, hewa ya baridi na vumbi vinaweza kumuamsha, kwa hio kama mkeo ana pumu azungumze na daktari wake kwanza na awe na dawa yake ya kuvuta mkononi. Mtu mwenye mafua tayari, funga paa siku hio, kuna siku nyengine.

Mavazi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Shingo na masikio ndo vya kufunika, skafu nyepesi ya pamba au kashida ya begani inatosha, na jaketi jepesi la kukata upepo linashinda sweta zito kwa sababu sweta upepo unapenya. Miwani muhimu, mchana ya jua na magharibi myeupe, vumbi na vidudu. Kofia ya kiua iache nyumbani, ile haina pa kushika kichwani, ikiruka Mahonda ishaenda. Kwa mkeo mtandio wote uingie ndani ya buibui au ubanwe chini ya mkanda wa kiti, ncha hata moja isibaki inapepea, iwe pini iwe fundo. Mwaka 1927 kule Nice, Ufaransa, yule mcheza dansi maarufu wa Marekani Isadora Duncan alipanda gari ya wazi na skafu ndefu ya hariri, ncha ikaruka nje ikajizonga kwenye tairi, akafa pale pale. Roadster tairi zake zimefunikwa vizuri kuliko gari za zamani, lakini mtandio ukitoka dirishani kuna bodaboda inapita, kuna mti, kuna mlango ulioubana nusu. Tena mtandio ukikupiga wewe dereva usoni kwenye kona haijalishi tairi imefunikwa au vipi. Vioo vikiwa juu na mambo yamebanwa, basi, hakuna wasiwasi. Khanga ya magotini mwachie, hio ndo raha yake.

Wakati. Hata kipupwe jua ni jua, tuko digrii 6 tu kusini ya mstari wa ikweta, kwa hio saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana rudisha paa. Julai jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama baada ya saa kumi na mbili na robo jioni, wewe sali alfajiri, washa gari, ondoka. Ukipata saa mbili na nusu za asubuhi na moja na nusu za alasiri umefaidi kuliko mtu aliyeendesha kutwa.

Njia. Umetaja Nungwi na Paje, na watu wengi watakwambia Paje kwa ajili ya Jozani, na ni kweli pale pazuri, ila fikiria jua liko wapi. Asubuhi unaelekea mashariki jua lote machoni, jioni unarudi magharibi jua lote machoni tena, na gari imekaa chini hivyo kile kibati cha kuzuia jua hakisaidii kitu. Njia ya Nungwi inakwenda kaskazini, jua linakaa ubavuni. Na cha kuchekesha, usukani wetu uko kulia, asubuhi ukienda kaskazini jua liko kulia kwako, jioni ukirudi kusini jua liko kulia kwako vile vile, kwa hio wewe ndo unaungua shavu moja kwenda na kurudi na mkeo kushoto kakaa kivulini. Mwambie asikulipe, dua tu.

Halafu kusi. Huu upepo unatoka kusini, ukienda Nungwi unakusukuma mgongoni, gari inakuwa kimya mpaka unashangaa, unasikia adhana za misikiti ya njiani zinapokezana na unasikia wanawake wanazungumza barazani. Kurudi unaukabili, kwa hio kasi ile ile ya 60 inakuwa na kelele na baridi zaidi, tena ndo jioni, ndo umechoka. Jipange hivyo, kwenda shusha vioo ukipenda, kurudi pandisha vyote, kizuizi kisimame, hita ifunguliwe. Ukipita Bububu ukaingia ndani kuelekea Kizimbani kwenye mashamba ya viungo usikimbie, nenda 40, pale pua inafanya kazi kuliko macho. Gari ya bati na eesii yake haikupi hivyo vitu, unapita mahali unapaona tu. Ukienda mashariki basi utasikia mwani unavyonuka ukianikwa, ule unaolimwa pwani ya kule tangu 1989, mwaka mmoja na Roadster, na harufu hio mkeo anaweza asiipende kabisa nisije nikalaumiwa. Na Jozani punguza mwendo, kima punju wanavuka bila kuangalia na paa wazi sitaki kusikia habari yako.

Ila mie ukinipa gari yako kwa siku tatu sitoizungusha Unguja, nitaitia melini niivushe Mkoani. Pemba ina vilima na kona ambazo Unguja hatuna, kutoka Mkoani kwenda Chake ni kama kilomita 30 za kupanda na kushuka, gari ndogo nyepesi kama hio imetengenezewa barabara kama ile. Msimu wa karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, paa wazi, asubuhi, hata sielezi. Ukipanda juu mpaka Konde na kuingia msitu wa Ngezi baridi inakuwa ya kweli, miti imefunga juu, hita utaitaka. Endesha pole pole tu, gari iko chini na njia ya msituni sio lami ya kuchezea, na karafuu za watu usizikanyage utakuja kutafutwa.

Sasa gari isiharibike, maana hili umeuliza mwisho lakini ndo lenye gharama. Adui wa kwanza wa paa la turubai huku ni jua, wa pili chumvi, wa tatu kunguru. Kunguru hawa walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, kinyesi chao kikikauka juu ya turubai kinalila, kioshe siku hio hio na maji mengi bila kukwangua. Chini ya mnazi usiegeshe, nazi ikianguka kwenye bati inaacha bonde na kwenye turubai inaingia ndani ikae kitini. Ukiwa ufukweni Nungwi au Paje ule ukungu wa chumvi unaingia kwenye viungo vya fremu ya paa, vile vyuma vinavyokunjana, unavikuta vimeota kutu na vinakwama, kwa hio ukirudi nyumbani osha gari kwa maji baridi, chini pia, halafu viungo vipake mafuta mepesi mara moja moja. Shemeji nae ana chumvi yake, wao wanamwaga barabarani Januari kuyeyusha barafu, kwa hio kutu mnaigawana.

Kioo cha nyuma cha paa lako kwa mwaka huo kinatakiwa kiwe kioo cha kweli, zile Roadster za mwanzo kabisa zilikuwa na plastiki na ilikuwa lazima uifungue zipu kabla hujakunja vyenginevyo inapasuka. Kama yako kuna mtu alibadilisha akatia la plastiki, fata sheria hio ya zipu, na usiifute kavu, kila mfuto unaacha mikwaruzo na jua letu linaimalizia kuwa ya njano.

Paa likiwa bichi usilikunje ukaliacha, linaota ukungu kwa siku chache tu na harufu haitoki. Kipupwe hiki kina vimvua vyake vya mchoo, vinakuja ghafla dakika tano vinaondoka. Vikikukuta unatembea mwendo mzuri kwenye barabara iliyo wazi utashangaa matone mengi yanaruka juu yenu hamlowi, lakini ukifika kwenye tuta tu mmelowa, kwa hio usijidai, egesha pembeni, funga paa, subiri, ukifika nyumbani liache limesimama likauke ndo ulikunje.

Na kitu kinachoziua Roadster kuliko injini, matundu ya kutolea maji. Mvua ikipiga paa maji yanateremka pembeni nyuma ya milango, yanaingia kwenye mipira miwili iliyofichwa na kutokea chini mbele ya tairi za nyuma. Majani ya mwembe na vumbi vikiziba pale maji hayana pa kwenda, yanajaa ndani ya bati la chini ya milango na chini ya zulia, gari inaoza kwa ndani nawe unaiona inang'aa nje. Ichomoe uchafu kwa mshipi mnene wa kuvulia, usitumie waya wa chuma unatoboa mpira, halafu mimina kikombe cha maji uone yanatoka chini haraka upande wa kulia na wa kushoto. Fanya leo kwa sababu gari imekaa bandarini Japani na melini hujui muda gani, na fanya tena Machi kabla masika haijaanza. Masika yenyewe paa lifunge na gari ikae chini ya banda, na banda liwe na upepo, sio kuifunika turubai la plastiki linalobana unyevu ndani.

Kama turubai lako lishaanza kuvuja kwenye kona za vioo, kabla hujaagiza paa jipya badilisha kwanza ile mipira ya pembezoni na urekebishe vile vibano viwili vya juu ya kioo cha mbele, mara nyingi ni hapo tu. Ikibidi paa jipya chukua la kitambaa kinene, la vinaili ni rahisi lakini kwa jua la Kiembesamaki halitokukalia sana, na chagua rangi ya mchanga ukiipata, nyeusi utaipenda mpaka Januari tu.